Nairobi, Berlin au wakala wa forodha Mbaraki: mwandishi wa programu achague ipi?

KijanaWaTudor
Salaam aleikum wanabaraza. Nilisomea Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, na tangu nitoke nimekuwa nikiwaandikia wenye maduka ya Kongowea programu za stoo na malipo ya M-Pesa. Sasa Mungu amenifungulia milango mitatu kwa mpigo na sijui niingie upi.

Wa kwanza ni kampuni ya mikopo Nairobi: shilingi 130,000 kabla ya makato, ofisini kila siku, waandishi wa programu kumi na wawili. Wa pili ni kampuni ndogo ya Berlin: yuro 1,700 kwa mwezi, kandarasi ya miezi sita, nabaki hapa hapa. Wa tatu ni wakala wa forodha Mbaraki, hapa hapa Mombasa: shilingi 75,000, anataka mfumo wa kufuatilia kontena na hati zake, na wa kuuandika nitakuwa mimi peke yangu.

Mama namtunza mimi. Hata hivyo sitafuti pesa tu. Naipenda kazi hii, na nataka nikifika miaka arobaini niwe bado naipenda. Nyinyi mliotangulia mngechagua ipi?

BintiWaKisauni
Kaka, chukua Berlin. Yuro 1,700 hapa Mombasa inakulisha wewe na mama na nyingine inabaki. Na saa zao hazikuumizi: tuko mbele yao kwa saa moja wakati wa kiangazi chao, saa mbili wakati wa baridi. Mimi nafanyia kazi watu wa California, na huko tofauti ni saa kumi au kumi na moja. Kikao chao cha saa tatu asubuhi kwangu ni saa moja au saa mbili usiku. Wakiitisha kingine saa nane mchana, huku ni saa sita au saa saba za usiku, na alfajiri watoto wanataka uji. Ukisikia kazi ya nje, uliza kwanza ni nje ya wapi.

Ila kandarasi haina likizo ya kulipwa. Hakuna anayekukatia kodi, na hiyo haina maana kwamba hudaiwi. Kila pesa inapoingia tenga fungu la kodi, jaza ritani ya mamlaka ya mapato, KRA, kabla ya 30 Juni kupita, na SHA ya bima ya afya na NSSF ya akiba ya uzeeni ujilipie mwenyewe.

MzeeWaKebo
Mwanangu, mimi niliingia kazi hii wakati intaneti ya Mombasa ikipitia setilaiti, polepole na kwa bei ya kuumiza. Mwaka 2009 kebo za SEACOM na TEAMS zilipofika pwani yetu kwa njia ya baharini, mambo yakageuka. Kwa hiyo sitakwambia kwamba ni lazima uende Nairobi ndipo uwe mtu.

Lakini kabla ya kupima mshahara, kila mlango uulizie mambo mawili. Nani atausoma msimbo wangu, yaani maandishi ya programu yenyewe, kabla haujawafikia watumiaji? Na huyo mtumiaji, nitamwona kwa macho yangu?

La kwanza ndilo linalokuza ufundi. Mtu akifungua kazi yako mstari kwa mstari, akakuuliza kwa nini programu yako inaiendea hifadhidata, yaani ghala la taarifa, mara elfu ndani ya hatua zinazojirudia badala ya mara moja nje yake, anakufunza kitu ambacho video haiwezi, maana video haijui wewe umeandika nini. Nimewaona vijana hodari waliofanya kazi peke yao miaka mingi. Programu zao zinakwenda, lakini hazina majaribio ya kugundua makosa, mabadiliko hayakuhifadhiwa kwenye Git, chombo cha kutunza kila toleo la msimbo, na siku mwenyewe akiugua biashara nzima inasimama. Si wavivu hata kidogo. Walikosa wa kuwasomea.

La pili ndilo linalokuamsha kwa hamu. Wengi ninaowajua walioichoka kazi hii hawakuchoshwa na kompyuta. Walichoshwa na kuandika vitu wasivyojua vimemfaa nani.

Nairobi inakupa la kwanza, ikiwa kweli hao kumi na wawili wanasomeana. Usitosheke na neno la meneja, omba kuzungumza na mmoja wao. La pili liko Mbaraki, wala hakuna pa kulinganisha. Berlin ulizia.

AliyehamiaSouthB
Mimi ni wa Likoni, nimehamia Nairobi na sijutii. Kujifunza huku ni kwa kasi, na treni ya SGR inakufikisha stesheni ya Miritini, Mombasa, kwa saa tano au sita ukitaka kumwona mama. Ila hesabu makato: PAYE, kodi ya mshahara, inafika 30% kwa shilingi za mwezi zinazozidi 32,333, SHIF, mchango wa afya unaokwenda SHA, 2.75%, ushuru wa nyumba 1.5%, bado NSSF. Halafu kodi ya chumba.

La kunitia wasiwasi ni hiyo mikopo. Uliza wanadai vipi. Wapo wanaopigia simu jamaa na mabosi wa mdaiwa, na namba hizo zimechukuliwa kwenye simu yake na programu ambayo kuna mtu aliiandika. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, lakini hata ingekuwa haipo, ungelala usingizi gani?

KahawaNaHalua
Mimi si mtu wa programu, ni karani wa forodha. Mzigo ukipitisha siku za bure bandarini, gharama ya kuhifadhi inapanda kila siku, na inahesabiwa kwa dola. Katika ofisi nyingi, siku hizo za bure zinafuatiliwa kwa daftari na picha za WhatsApp. Bili ya shehena, hati ya mzigo inayotolewa na kampuni ya meli, iko kwa huyu, ankara kwa yule, dereva anasubiri getini. Kijana atakayeniwekea mbele ya macho kontena ambazo siku zake zinaisha kesho, nitamwombea dua.

KijanaWaTudor
Mzee, nimeuliza Berlin: kila badiliko husomwa na mtu mwingine kabla ya kupokelewa. Je, nikiingia huko, naweza kumfanyia wakala kazi ndogo pembeni?

BintiWaKisauni
Soma kandarasi kwanza. Tafuta kipengele cha kazi nyingine na kile cha umiliki wa unachoandika. Kikikataza, omba kiandikwe upya kabla hujatia sahihi, na kompyuta ya Berlin isiguse kazi ya Mbaraki kabisa.

MzeeWaKebo
Wakikubali, ingia Berlin. Mwambie wakala muanze na ukurasa mmoja tu: kontena, tarehe, nani ana hati. Mpatane bei ya kazi nzima, si ya mwezi, na muandikiane msimbo ni wa nani. Kaa mezani kwa makarani wake asubuhi nzima kabla hujaandika chochote. Pia pitia Swahilipot, kituo cha vijana wa teknolojia na sanaa pale karibu na Fort Jesus, utafute wenzako wawili watatu wa ufundi. Nyumbani peke yako miezi sita ni upweke mkubwa.

KahawaNaHalua
Kwenye huo ukurasa usisahau tarehe ya kurudisha kontena tupu kwa kampuni ya meli. Mzigo ukishatoka kila mtu huisahau, na bili ikija inamwangukia karani.