Kariye ya Istanbul irudishwe kama ilivyokuwa. Ilivyokuwa lini?

Mtoa mada:
Wakuu, tangu Mei 2024 panaswaliwa tena Kariye, lile kanisa la kale la Chora. Huyu anadai lirudi kuwa kanisa, yule anasema ni msikiti, wa tatu anataka makumbusho. Wote wanataja "asili". Asili ipi?

Maria Doukaina, mama mkwe wa Kaisari Alexios wa Kwanza wa Bizanti, dola ya Kikristo iliyotawala mji huu, alilijenga upya kati ya 1077 na 1081. Mwanzoni mwa karne ya 12 Isaac Komnenos akajenga upya sehemu kubwa. Kisha akaja waziri Theodore Metochites, 1315 hadi 1321: mozaiki, yaani picha za vijiwe vya rangi, na kanisa dogo la mazishi ubavuni. Naye yumo pichani, juu ya mlango, kapiga magoti na kofia kubwa kama mtungi, anamkabidhi Yesu mfano wa kanisa. Mwaka 1328 akahamishwa kwa nguvu. Baadaye akarudi kufia humo humo, mtawa. Karne ya 16 Atik Ali Pasha akaligeuza msikiti, na palipokuwa na mnara wa kengele pakasimama wa adhana.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, unazunguka mbuyu. Msikiti huu ni wakfu, na wakfu haufutwi na mawaziri. Uamuzi wao wa 1945 wa kuufanya makumbusho mahakama iliutengua 2019. Yameisha.

Mchangiaji wa pili:
Hayajaisha. Metochites naye aliliwekea mali ya kulitunza. Wakfu wake mbona haukuheshimiwa?

Mchangiaji wa kwanza:
Mji ulitekwa na Waturuki 1453. Utafufua kesi za Wabizanti wote?

Mchangiaji wa pili:
Wewe si ndiye uliyeanza kufufua za 1945?

Mtoa mada:
Hapo kakubana, kubali tu. Ila mnasahau ramani ya jengo. Wanaswali ukumbi wa kati, ambao umebakiwa na mozaiki tatu tu. Hazina yenyewe iko kumbi za mlangoni na kwenye kanisa la mazishi, ambako kuna mchoro Yesu kawashika Adamu na Hawa mikono, anawachomoa makaburini kwa nguvu hasa, Hawa karibu aanguke. Kwa hiyo swala na picha zinaweza kukaa pamoja. Mimi hofu yangu ni jasho na pumzi za watu kwenye plasta ya miaka 700, na watalii ndio wengi kuliko waumini. Mafundi wakisema leo inatosha, fungeni mlango, watasikilizwa?