Fedha za utafiti za serikali: tuzo na ushindani kwanza, au uhai wa maabara kwanza?

Mtoa mada

Wakuu, heshima kwenu. Nafundisha baiokemia katika chuo cha umma, na kuna jambo naomba tulijadili bila kuzungukana. Fedha ambazo serikali inatenga kwa utafiti wa vyuo vikuu si nyingi. Je, ziendelee kutolewa kwa maandiko ya miradi yanayoshindanishwa na tuzo za machapisho, au zianze kulipia maabara yenyewe: umeme wa friza, vitendanishi (kemikali za kupimia) vya kila siku, matengenezo ya mashine na mafundi sanifu? Mimi nasema maabara kwanza.

Nianze na sumukuvu. Mwaka 2016 watu wa Dodoma na Manyara walianza kuugua, macho yakawa njano, matumbo yakavimba. Wagonjwa 68 waliorodheshwa, na 20 kati yao wakafariki. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu unaotengeneza sumu hiyo. Wenzetu wa Kenya yaliwafika makubwa zaidi mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui: wagonjwa 317, vifo 125. Sasa, kupima sumukuvu kwenye unga, au kupima mabaki yake yaliyoshikana na albumini, protini iliyomo kwenye damu ya mgonjwa, ni kazi ya baiokemia kabisa. Inahitaji mashine iliyosawazishwa, sampuli za kulinganishia ambazo muda wake haujaisha, umeme usioyumba, na mtu ambaye mkono wake umezoea kipimo hicho kwa sababu alikifanya wiki iliyopita. Mlipuko hausubiri tangazo la kuomba ruzuku, kamati ikae, mkataba usainiwe. Maabara iliyokaa miaka miwili bila kazi huwezi kuiwasha asubuhi ukategemea majibu ya kuaminika jioni.

Na hizo ruzuku za nje tunazozikimbilia hazikuwahi kulipia uhai huo. Taasisi za Afya za Marekani, NIH, zilikuwa zinawapa wapokeaji walio nje ya nchi yao asilimia 8 tu kwa gharama za uendeshaji. Mradi wenye gharama za moja kwa moja za dola 100,000 unaiachia taasisi takriban dola 8,000 za umeme, maji, uhasibu, ulinzi na kila kitu kingine. Vyuo vikubwa vya huko kwao vilikuwa na viwango vinavyozidi asilimia 50. Februari 2025 serikali yao ilipotaka kuvishusha vyote hadi asilimia 15, vyuo na majimbo yakaenda mahakamani, yakieleza kwamba utafiti utasimama na watu watapoteza kazi. Nakubaliana nao kabisa. Ila kama 15 inafunga maabara ya Boston, sisi tuliokuwa na 8 tulitegemewa tuishi kwa nini?

Kisha Mei 1, 2025 NIH ikatangaza kusitisha utaratibu wa vyuo vya Marekani kugawa sehemu ya ruzuku zao kwa washirika wa nje, hadi mfumo mpya uwekwe. Miradi mingi ya Afrika ilipitia mlango huo.

Upande wetu, mwaka 2022 Wizara ya Elimu ilitangaza tuzo kwa watafiti wa vyuo vikuu wanaochapisha kwenye majarida makubwa ya kimataifa: jumla shilingi bilioni 1, milioni 50 kwa mshindi. Nawapongeza waliozipata, walizitolea jasho. Lakini tuzo humfikia aliyekwisha kuwa na maabara inayofanya kazi, na mara nyingi ni maabara ya mshirika wake wa Ulaya. Kijana aliyerudi na shahada ya uzamivu akakuta meza tupu, tuzo hiyo haimsaidii kuanza.

Karibuni, hasa mnaopinga.

Mchangiaji, Dodoma

Mwalimu, umeeleza vizuri, ila sikubaliani nawe. Nimekaa kwenye kamati za bajeti za taasisi ya umma. Fedha ikishaitwa ya uendeshaji inaingia kwenye fungu la matumizi mengineyo, na ikiingia huko inageuka posho za vikao, mafuta ya gari na chai ya wageni. Ushindani una shida zake, lakini angalau una jina la mtu, una malengo na una tarehe ya ripoti.

Tazama yaliyofanikiwa katika ukanda wetu. Utafiti wa selimundu pale Muhimbili, chini ya Profesa Julie Makani, ulianza mwaka 2004 kwa fedha za ushindani kutoka Wellcome, mfuko wa utafiti wa Uingereza, na umefuatilia maelfu ya wagonjwa. Kilifi, kituo cha Wellcome na KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, kipo tangu 1989. Hakuna aliyegawiwa fedha hizo kwa sababu ana idara. Walizishindania. Ukigawa kidogo kwa kila idara, utapata idara nyingi zenye friza moja moja na hakuna hata moja itakayofanya jambo la maana.

Mchangiaji, Eldoret

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Kwetu mjadala huu ulimalizwa na sheria, au ndivyo tulivyodhani. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Ubunifu ya 2013 iliunda Hazina ya Taifa ya Utafiti na ikasema Serikali itaipa asilimia 2 ya pato la taifa kila mwaka wa fedha. Imeandikwa waziwazi, si ahadi ya jukwaani. Hadi leo hazina hiyo haijawahi kupata kiasi hicho, wala kukikaribia. Afrika nzima iliahidi asilimia 1 kule Lagos mwaka 1980, viongozi wakairudia tena kwenye mikutano ya Umoja wa Afrika. Kwa hivyo mkipigania namna ya kugawa pesa, piganieni kwanza pesa zenyewe zifike.

Lakini kwa swali lenyewe niko na Mwalimu, na sababu yangu ni Ziwa Bogoria. Maji yake ni ya magadi na yana chemchemi za moto, na bakteria wanaoishi humo wana vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, vinavyostahimili magadi makali, ndiyo maana watengenezaji wa sabuni na wa nguo za jinzi wanavitaka. Sampuli zilichukuliwa mwaka 1992, vimeng'enya vikachunguzwa na kuendelezwa ng'ambo, kampuni ya Genencor ikaviuza. Mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori la Kenya likadai haki yetu, kampuni ikajibu kwamba taratibu za vibali zilifuatwa. Tulibishana kuhusu vibali, na vibali vina umuhimu wake. Mimi huuliza jingine: kwa nini hakuna maabara ya vyuo vikuu vya Nairobi, Egerton au Juja iliyokuwa imekwisha kuvichunguza vimeng'enya hivyo? Ziwa lenyewe liko mwendo wa saa chache tu kwa gari. Wataalamu tulikuwa nao. Kuotesha bakteria wa magadi, kusafisha protini, kupima nguvu ya kimeng'enya wiki baada ya wiki bila kujua utapata nini, hiyo ni kazi ya miaka, na hakuna mfadhili wa miaka mitatu anayeilipia. Inalipiwa na maabara iliyo wazi kila siku.

Fundi sanifu maabara, Mwanza

Shikamooni walimu. Naomba niseme kinachotokea mradi ukiisha, kwa sababu sisi ndio tunaobaki.

Mradi unakuja na mashine mpya. Mtafiti mkuu ananunua kwa fedha za mradi, pamoja na mkataba wa matengenezo wa mwaka mmoja au miwili. Miaka mitatu ikiisha, mashine inabaki kwenye daftari la chuo, lakini haiko kwenye bajeti ya mtu yeyote. Safu ya HPLC, mashine ya kutenganisha na kupima kemikali, imeziba, mpya ni dola mamia kadhaa, hakuna fungu. Kichujio cha maji kimechoka, kwa hiyo maji tunayotengenezea bafa, mchanganyiko wa kutuliza kiwango cha asidi, hayafai tena, na kipimo kinaanza kutoa majibu ya ajabu. Mwanafunzi anadhani amekosea yeye, anarudia mara nne, anamaliza vitendanishi vyake.

Friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri ndiyo inayouma zaidi. Kompresa ikifa usiku wa Ijumaa na hakuna king'ora wala mtu wa zamu, Jumatatu unakuta sampuli za miaka yote zimeyeyuka. Damu ambayo wananchi walikubali kutoa, wakasaini ridhaa, unaitupa. Nimeishuhudia kwenye taasisi ambayo sitaitaja. Vipuri vya kuzuia hasara ile havikufika hata nusu ya bei ya kompyuta mpakato zilizonunuliwa na mradi huo huo.

Na mafundi wenyewe: wengi tunaajiriwa na mradi kwa mkataba wa mwaka. Nikijifunza kipimo kigumu mpaka nikakiweza, mkataba unaisha, naondoka nacho. Anayekuja anaanza upya. Kaka wa Dodoma, hili ushindani hauliponyi. Ndio unaolizalisha.

Mwanafunzi wa uzamili, Morogoro

Mimi nanunua vianzio vya PCR, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kipimo cha kunakili vinasaba, kwa mkopo wa ndugu zangu. Vinaagizwa nje, vinakaa forodhani, navilipia tena. Ada nalipa, na ndani ya ada kuna kipengele cha mazoezi ya maabara. Sina cha kuongeza zaidi ya hapo, nilitaka tu mjue nani analipia utafiti huu kwa sasa.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Mbona hamtaji mradi wa HEET? Mkopo wa Benki ya Dunia, dola milioni 425, kwa ajili ya elimu ya juu. Majengo ya maabara yanapanda, vifaa vinakuja. Tuseme na yanayofanyika.

Mtoa mada

Asanteni. Mdogo wangu wa Morogoro, pole sana. Ulilosema ndilo lililonifanya niandike.

Ndugu wa Dar, HEET nimeiona na ninaifurahia, ni fedha nyingi na zilihitajika. Hofu yangu ni hiyo aliyoieleza fundi wa Mwanza. Jengo linajengwa mara moja kwa mkopo, vitendanishi vinaisha kila mwezi, na mkopo hautanunua vya mwaka 2030. Kila mashine inayoingia ilipaswa kuingia pamoja na mstari wake kwenye bajeti ya kawaida ya serikali.

Kaka wa Dodoma, hoja yako ya posho ni nzito na siipuuzi, maana bila kuijibu Wizara ya Fedha haitatusikiliza. Ndiyo sababu sitaki fedha hii iingie kwenye kapu la chuo. Ninachopendekeza ni fungu lenye orodha fupi isiyobadilishwa: umeme wa akiba, matengenezo, gesi, vitendanishi vya msingi, ajira za kudumu za mafundi. Hakuna safari, hakuna kikao. Idara ionyeshe daftari la matumizi ya mashine: nani aliitumia, kwa kipimo gani, ilisimama siku ngapi. Mashine isipofanya kazi, fungu la mwaka unaofuata linakatwa. Huo ni uwajibikaji ulio rahisi kukaguliwa kuliko ripoti ya mradi ya kurasa 80. Wala sisemi kila idara ipate. Tuanze na maabara tatu au nne za kanda, zilizo wazi kwa vyuo vyote vya jirani.

Kuhusu Muhimbili na Kilifi, mifano yako inanisaidia mimi. Zile ni fedha za muda mrefu, zilizorudishwa awamu baada ya awamu kwa miongo, zikajenga maabara na kulea watu. Wellcome iliweza kukaa Kilifi tangu 1989. Serikali yetu inashindwaje kukaa na maabara zake kwa muda huohuo?

Nitoe mfano mdogo wa fungu hilo. Kimeng'enya cha Taq, kinachotumika kwenye PCR, kilitokana na bakteria aliyepatikana chemchemi za moto za Yellowstone miaka ya 1960. Hataza zake kuu, yaani haki za kisheria za wagunduzi, zilikwisha muda wake kitambo. Idara yoyote ya baiokemia yenye kioteshi, sentrifuji na friza inayoaminika inaweza kukizalisha kwa bakteria wa kawaida wa maabara, na lita moja ikatosha maelfu ya vipimo. Wanafunzi wetu wangejifunza kusafisha protini kwa kazi yenye maana, na yule binti wa Morogoro, hata kama vianzio angeagiza, kimeng'enya hiki asingekiagiza nje. Lakini peleka andiko la kutengeneza Taq kwenye kamati ya ushindani, utaulizwa jipya ni lipi. Hakuna jipya. Kuna haja tu.

Mchangiaji, Dodoma

Kwa masharti hayo ya orodha na daftari, nasogea kidogo. Maabara za kanda nakubali. Ila ajira za kudumu za mafundi zisiwekwe kwenye fungu hili, maana mishahara itameza kila kitu ndani ya miaka mitano, utabaki na watu wanaolipwa na mashine zisizo na gesi. Ajira ziende Utumishi kama ajira nyingine.

Fundi sanifu maabara, Mwanza

Kaka, Utumishi wakitoa nafasi, fundi anapangiwa popote penye upungufu. Aliyesomea HPLC miaka sita anapelekwa kusimamia maabara ya sekondari. Nafasi iandikwe kwa jina la kipimo na mahali, ndipo nitakubaliana nawe.