Kyoto: barabara zimenyooka, mbona napotea?

Msafiri wa Unguja

Assalaam alaykum, ndugu zangu. Nimefika Kyoto, Japani, siku tatu zilizopita, na hii ndiyo safari yangu ya kwanza nje ya Afrika Mashariki. Nimelelewa Mji Mkongwe, ambako vichochoro vinapinda vitakavyo na bado sijapata kupotea, kwa kuwa mtu huulizia nyumba ya fulani, akaelekezwa msikiti, kisha duka, kisha mlango. Huku barabara zimenyooka na kukatana kama mistari ya ubao wa drafti, nami juzi nilizunguka zaidi ya saa nzima na mizigo yangu nikiitafuta nyumba ya wageni. Anwani niliyopewa ina majina ya barabara mbili, kisha neno «agaru», kisha jina la mtaa. Nilipofungua ramani nilitatizika zaidi: wilaya ya Sakyo, ambayo maana yake ni upande wa kushoto wa mji mkuu, imechorwa kulia, na Ukyo, yaani upande wa kulia, iko kushoto. Naomba anayeujua mji huu anieleze unavyosomwa, maana nimebakiwa na siku tisa na ningependa kutembea bila ya kuiangalia simu kila hatua.

Mwanafunzi wa Zamani

Waalaykum salaam, dada. Nilisoma huko miaka minne, na mwezi wa kwanza ulinisumbua vilevile.

Ramani unaisoma ukiwa umeelekea kaskazini, lakini majina ya mji yalitolewa kwa kumfuata mtu aliyeketi kaskazini akitazama kusini. Mji ulipoanzishwa mwaka 794 kwa jina la Heian-kyo, ulipimwa kwa mfano wa Chang'an, mji mkuu wa China, na ikulu ikawekwa kaskazini katikati. Mfalme aliketi uso wake ukielekea kusini, kwa hiyo mkono wake wa kushoto ulikuwa mashariki, na ndiyo sababu Sakyo iko mashariki hadi leo.

Neno «agaru» ni kupanda, yaani kwenda kaskazini, iliko ikulu. «Sagaru» ni kushuka kusini. Ukiona «nishi-iru», ingia magharibi, na «higashi-iru», ingia mashariki. Jina la kwanza ni la barabara lilipo jengo, na la pili ni la barabara inayoikata. Makao makuu ya jiji, kwa mfano, yako «Teramachi Oike agaru»: simama Teramachi inapokatana na Oike, kisha ifuate Teramachi kuelekea kaskazini. Jina la mtaa usilitegemee sana, kwa kuwa ndani ya wilaya moja mitaa kadhaa huweza kuwa na jina lilelile.

Utaratibu huu si mgeni kwetu kama unavyodhani. Wazee wetu wa pwani huita kaskazini kibla, kwa sababu kwetu Makka iko upande huo. Nao pia waliuita upande wa dunia kwa kufuata mahali wanapopaheshimu. Ila uwe mwangalifu unaposali, kwani ukiwa Kyoto kibla iko magharibi, ikielemea kaskazini kidogo.

Mpenda Historia

Maelezo ni sahihi, lakini yanahitaji nyongeza moja, la sivyo dada atashangaa kuikuta ikulu imesogea mashariki. Ikulu iliyopo leo si ile ya mwanzo. Nusu ya magharibi ya mji ilikuwa na ardhi ya kinamasi, watu wakaihama kidogo kidogo, na uwanja wa sasa ukawa makao ya mfalme kuanzia mwaka 1331 hadi 1869. Barabara kuu ya zamani ya Suzaku, iliyougawa mji katika kushoto na kulia, ilipita takriban inapopita Senbon sasa.

Mkaazi wa Kansai

Dada, utaratibu huo ni wa katikati ya mji tu. Ukivuka mto Kamo na kupanda Higashiyama, kwenye miteremko ya Sannenzaka inayoelekea hekalu la Kiyomizu-dera, njia zinafuata mlima. Hapo tegemea maumbile: milima imeuzunguka mji mashariki, kaskazini na magharibi, upande wa kusini tu ndio ulio wazi, na maji ya Kamo yanateremka kutoka kaskazini kwenda kusini. Barabara kubwa nazo zimehesabiwa: Sanjo ni ya tatu, Shijo ya nne, Gojo ya tano, na hesabu huongezeka unavyoshuka kusini.

Ukifika mtaa wa Gion, soma mabango kabla ya kuingia vichochoroni. Baadhi ni njia za watu binafsi, na tangu mwaka 2024 watalii wamekatazwa kuzipita, kwa faini ya yeni 10,000. Wenyeji walichoshwa na wageni waliowakimbilia mageisha, wale wanawake wasanii wa jadi, kuwapiga picha, na kwa maoni yangu wana haki kamili.

Msafiri wa Unguja

Nawashukuru nyote kwa dhati. Leo asubuhi niliizima simu, nikaenda hadi Shijo, nikatazama mto unakoelekea, kisha nikapanda nikizihesabu njia panda mpaka Oike, na makao makuu ya jiji nikayaona yako pale pale mlipoeleza. Nilipofika chumbani niligeuza mswala, kwa kuwa siku tatu nilikuwa nimeutandika kuelekea kaskazini kama nilivyozoea nyumbani. Kesho nakusudia kwenda hekalu la Fushimi Inari, kusini mwa mji, kuona malango yale mekundu, na sasa najua kwamba safari hiyo ni ya kushuka.