Vizimba vigawiwe kwa ndoo ya karatasi au kwa kompyuta?

Mwanzisha mada, Sinza
Wakuu, juzi nilikaa kwenye kikao cha wafanyabiashara wadogo wa soko moja hapa Dar. Majina 212, vizimba 90. Bahati nasibu wote wameikubali, ugomvi ni namna ya kuipiga. Wazee wanataka karatasi kwenye ndoo, mtoto achote mbele ya watu. Vijana wanataka kompyuta ichanganye orodha, 90 wa juu wapate. Mimi kuandika programu ndiyo kazi inayonilisha, na niko upande wa kompyuta, ila kwa sharti.

Kijana aliyeleta laptop nilimwomba anionyeshe msimbo, yaani maagizo ya programu yalivyoandikwa. Programu yake inapita jina moja moja, kila jina inalibadilishana nafasi na jina lolote la orodha nzima. Kwa macho ni haki tupu. Sasa chukua watu watatu tu: wa viatu, wa mitumba, wa vyombo. Hatua 3, kila hatua chaguo 3, hizo ni njia 27. Mipangilio ya watu watatu ni 6. Gawa 27 kwa 6 uone kama haibaki. Mipangilio mitatu inapata njia 5 kila mmoja, mitatu inapata 4. Hakuna aliyekula rushwa, na bado kuna waliopendelewa.

Njia sahihi iko karibu sana na hiyo. Unaanzia mkiani mwa orodha. Unachagua mmoja kati ya waliobaki, aliyeko mkiani naye akiwemo, unamweka pale mwisho, humgusi tena. Unapanda nafasi moja, unarudia. 3 × 2 × 1 ni 6, kila mpangilio njia yake moja. Wanatakwimu Fisher na Yates waliieleza mwaka 1938, enzi za kalamu na karatasi. Durstenfeld akaiandikia kompyuta mwaka 1964. Majina 212 ni hatua 211, hujakohoa imemaliza.

Machinga wa Buguruni
Kaka, hesabu zako sizipingi. Lakini mama yangu anauza nyanya, ndoo anaiona. Ndani ya laptop haoni kitu. Wewe uliomba msimbo ukausoma, mimi nikipewa nitasoma nini? Shemeji wa katibu akitokea namba mbili nitaambiwa "ndivyo kompyuta ilivyosema". Ndoo haina shemeji.

Mwalimu wa hesabu, Temeke
Ndoo inaye, mdogo wangu, tena mwenyewe haijijui. Tarehe 1 Desemba 1969 Marekani walipanga kwa bahati nasibu nani aanze kuitwa jeshini, vita vya Vietnam vikiwa vimepamba moto. Vidonge vya plastiki 366, kila kimoja na tarehe ya kuzaliwa ndani. Viliingizwa kwenye boksi mwezi baada ya mwezi, kuanzia Januari, na kukoroga hakukutosha. Matokeo yake waliozaliwa miezi ya mwisho wa mwaka, hasa Desemba, wengi wakaangukia namba za mwanzo. Kila kitu kilifanyika hadharani, kwenye televisheni. Koroga chai juu juu uone sukari inabaki wapi.

Dada wa mitumba, Ilala
Na karatasi zinapapaswa jamani. Kwenye mchezo wetu kijumbe alikuwa anaikunja yake mara nne, zetu mara mbili. Miezi mitatu tunashangaa bahati yake.

Mwanzisha mada, Sinza
Machinga, hoja yako ya shemeji ni nzito kuliko nilivyoipokea mwanzo. Kompyuta yenyewe haibahatishi. Inaanza na namba moja, tunaiita mbegu. Mbegu ileile, msimbo uleule, orodha ileile, matokeo yaleyale. Anayeijua mbegu mapema anajua washindi. Mwaka 1999 kuna poka, kamari ya karata, ya mtandaoni iliyochukua mbegu kwenye saa ya kompyuta, milisekunde tangu usiku wa manane. Hizo ni milioni 86.4 tu kwa siku, wakati karata 52 zinapangika kwa namna ambazo idadi yake ina tarakimu 68. Wataalamu wakakisia saa, wakasoma karata za wenzao mezani.

Kwa hiyo: orodha na msimbo vibandikwe ukutani siku mbili kabla. Siku yenyewe dadu zirushwe mara 30 na watu tofauti, namba ziandikwe ubaoni wote wanaona. Hiyo ndiyo mbegu. Mwenye wasiwasi arudie nyumbani kwake, majina yakitofautiana alete kelele.

Machinga wa Buguruni
Dadu nimekuelewa, hata mama ataelewa. Laptop anashika nani?

Mwalimu wa hesabu, Temeke
Ziwe tatu, za watu wasiopendana.

Machinga wa Buguruni
Hao hapa hatukosi. Basi kompyuta sawa, ila mrushaji mmoja atoke upande wetu.

Dada wa mitumba, Ilala
Mnabishania kuchanga, karata zenyewe mmezihesabu? Nimeiona hiyo orodha. Kuna mtu mmoja ana majina matatu: lake, la mkewe, na la mtoto aliye darasa la tano.

Mwanzisha mada, Sinza
Dada, nitumie inboksi.