Kugomea mtandao wa simu: mpaka wetu kisheria ni upi?

Muuza Dagaa, Kibirizi, Kigoma: Wakuu, bando la wiki nililonunua Jumatatu limekata Jumatano, na muda mwingi nilikuwa ziwani simu imeshika mtandao wa Burundi. Nimepiga huduma kwa wateja, nimesikilizishwa muziki mpaka chaji ikaisha. Wenzangu hapa mwaloni wanataka tuandamane mpaka dukani kwao, Mwanga.

Mimi naona hivi. Kukusanyika kwa amani ni haki, Ibara ya 20 ya Katiba. Lakini kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi kinataka mkuu wa polisi wa eneo apewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Taarifa, si ombi la kibali (watu wengi wanachanganya hapo). Akiona amani itavunjika anaweza kuzuia, na mkikaidi ni kosa. Ya nini basi kuhangaika na barabara? Tuzime laini siku moja. Wanaijeria walizima simu Septemba 19, 2003 kupinga gharama na huduma mbovu. Hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuweka vocha.

Wakala, Gungu: Kaka, mkizima simu kampuni haitasikia hata mbu. Kamisheni yangu ndiyo inayokufa. Halafu yule kijana wenu ameandika kwenye grupu kwamba wakala atakayefungua "atajuta". Huo bado ni mgomo?

Mama Uvinza: Mjini mnaringa. Kuhama mtandao na namba yako imewezekana tangu Machi 2017, lakini kwetu kijijini mnara ni mmoja. Nihamie wapi, mti wa mwembe?

Kijiwe cha Ujiji: Wakala kasema kweli, kumtisha mtu ni jinai hata kama bando lako limeliwa. Chungeni na ulimi pia. Ukisambaza mtandaoni jambo unalojua ni uongo ili kupotosha watu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kifungu cha 16, inakungoja: faini isiyopungua milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote. Usiandike "wezi". Andika saa uliyonunua, saa lilipokata, weka na picha ya meseji. Na mkiwa wengi wenye dai moja, mahakama ikiruhusu mnafungua kesi moja ya uwakilishi, wachache wanashtaki kwa niaba ya wote.

Muuza Dagaa: Hilo la "atajuta" nimemwambia alifute, ameanza kwa kununa. Ila msidharau kelele. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipigiwa kelele na wateja mpaka zikasitishwa, za zamani zikarudi. Mama Uvinza, wewe usizime, tuandikie malalamiko tu. Barua ya malalamiko kwa kampuni naipeleka kesho, wakinyamaza inakwenda TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano. Jumamosi laini yangu nazima, dagaa nauza kwa hela mkononi.

Wakala, Gungu: Jumamosi ndiyo siku yangu ya kula, kaka. Zima Jumapili.