Mrejesho: baiskeli ya milimani na tope la masika

Ndugu zangu, ahsanteni sana. Niliuliza vipi nitaikinga baiskeli na tope la masika huku Kisauni, pwani, gia zikiruka na cheni ikishika kutu. Nimefuata ushauri wa kuepuka mashine za kuoshea magari, maana husukuma maji hadi ndani ya beringi, zile gololi zinazosaidia gurudumu na pedeli kuzunguka. Sasa ni ndoo na brashi laini. Cheni naifuta ikauke kabisa, ndipo natia oili nzito, tone moja kila kiungo, kisha napangusa inayobaki nje. Gia zimetulia, na kutu haijarudi hata kwa chumvi hii ya bahari! Madigadi hayakufaa: tope zito hujibana hapo mpaka gurudumu likakwama, nimeyatoa. Beringi za pedeli bado zinalia. Fundi asema zimekwisha, ni kubadilisha tu.