Yule wa aproni ya kijani katia KISU kwenye tosta ya sandwichi, halafu wajinga tuwe sisi?

Mkate Moto:

Salamu baadaye wakuu, nina hasira.

Video ya leo asubuhi mmeiona wote. Simtaji, mnamjua: aproni ya kijani, jiko jeupe kama zahanati, sauti ya muuza dawa ya mende. Sandwichi imegandia, jibini limetiririka hadi kwenye bawaba, na yule mtu, mbele ya kadamnasi, akachukua KISU. Kisu cha chuma, kile cha kukatia vitunguu. Akakichomeka chini ya mkate, krrrrr, juu ya sahani ya tosta yenye utando wa tefloni, ule wa kuzuia kunata. Kwa mlio ule mbwa wa mtaa wa tatu wamehama.

Halafu watu wakamuuliza kwa heshima zote kwa nini mikate yao inanata. Jibu lake: ukiona mkate unakunatia ujue tosta haikuhusu, rudi kwenye viporo vyako. Viporo! Anayesema hivyo dakika moja nyuma alikuwa anachimba sahani kama yuko Mirerani anatafuta tanzanite.

Ule utando mweusi ni mwembamba kuliko karatasi ya daftari. Chini yake ni alumini tupu. Ukishaukwaruza, jibini na yai vinashika alumini moja kwa moja, kesho mkate unanata palepale penye mkwaruzo, unachukua kisu tena, mkwaruzo unapanuka. Baada ya wiki tatu sahani ina ramani ya Ziwa Tanganyika na mito yake yote.

Na ilinata kwa nini? Alichomeka plagi akaweka mkate papo hapo. Tosta ya wati 750 inataka dakika 3 hadi 5 ikiwa tupu na imefungwa, mpaka taa ya kijani iwake. Mkate ukikutana na sahani ya vuguvugu, unyevu wake hauruki kuwa mvuke, unabaki pale unatengeneza uji wa ngano, na uji ukikauka ni gundi. Halafu siagi kapaka ndani! Siagi inapakwa NJE, upande unaogusa sahani, kijiko kimoja cha chai kwa kila slesi, nyembamba, hadi kwenye kona. Halafu jibini kalisambaza mpaka ukingoni. Zile kingo za sahani na ule mstari wa mshazari kazi yake ni kubana slesi mbili ziwe moja. Ukiweka kitu pale hazishikani, na kila kilichomo ndani kinatafuta mlango wa kutokea. Acha sentimita moja na nusu pembeni, kijiko kimoja cha chakula kwa kila pembetatu, basi. Yeye kajaza kama anapakia lori la Tunduma.

Baada ya dakika moja akafungua "kuchungulia". Mkate hujiachia wenyewe ukishapata ganda, dakika 3 mpaka 4. Ukifungua mapema slesi ya juu inapanda na mfuniko, ya chini inabaki, sandwichi imepewa talaka.

Na hata ikinata, zima ukutani, acha wazi dakika 2, mkate unalegea. Upo mwiko wa mbao. Upo wa silikoni. Upo hata ule mweupe wa plastiki unaokuja na jiko la umeme la wali. KISU cha nini? Cha nini, wakuu?

Kandambili:

Umeandika gazeti zima kwa ajili ya krrrr. Kunywa maji mkuu, tosta ni yake.

Shangazi wa Mbagala:

Mwanangu nakuunga mkono, ila umeacha kubwa kuliko. Hukumalizia video? Mwishoni kaipeleka tosta nzima kwenye sinki akaifungulia bomba. Nzima! Na waya wake unaning'inia! Kisu kinaharibu sahani, maji yanaua mashine.

Tosta haioshwi jamani. Ichomoe, iache wazi dakika kama 10 mpaka uweze kuigusa bila kuruka. Kitambaa laini kiloweshe maji ya moto yenye tone la sabuni, kikamue mpaka kisitoe tone, upanguse. Jibini lililokauka lifunike na kitambaa hichohicho kwa dakika 5, litalainika lenyewe. Kwenye mifereji ya pembeni tumia kijiti cha meno cha mbao. Nyuma kwenye bawaba, mswaki wa zamani. Maliza na kitambaa cha maji matupu, kausha, ndipo ufunge. Stiliwaya hapana, hata ukiwa na haraka ya daladala.

Boflo la Jana:

Mleta uzi unamsema mwenzio na wewe mwenyewe umepotosha. Mwiko wa jiko la wali kwenye sahani yenye moto wa karibu nyuzi 200? Ncha itayeyuka uile na jibini. Ule ni wa kupakulia wali. Mbao au silikoni, mengine futa.

Mkate Moto:

Sawa, mwiko wa wali nimeufuta, usiutumie mtu. Lakini mwiko wa plastiki na kisu cha chuma ni kosa moja? Ule mkono ulivyokuwa unasukuma mmeuona? Hakugusa tu, ALISUKUMA. Na ncha ikaingia kwenye mfereji.

Fundi Soketi:

Shangazi kasema kweli kuhusu maji, niongeze kwa nini. Hita zipo chini ya sahani, na waya za kupeleka umeme kwenye hita ya juu zinapita kwenye bawaba. Maji yakiingia pale yanakaa kwenye maungio ya waya. Ukichomeka, bahati nzuri ni kikata-umeme kuruka. Bahati mbaya ni wewe kuruka.

Na msifikiri kila ubovu unatokana na kisu. Tosta ikipata moto chini na juu baridi, mara nyingi ni ile waya ya kwenye bawaba imekatika kwa kufunguliwa na kufungwa. Ikizima kabisa wakati soketi na fyuzi ya plagi ni nzima, shuku fyuzi ya joto iliyo ndani, ile hukatika mara moja tu na hairudi. Fundi akitaka kuiunga kwa kipande cha waya, mnyang'anye bisibisi. Ile ndiyo inayozuia nyumba isiwake kidhibiti joto kikigoma.

Fyuzi ya plagi nayo: wati 750 kwa volti 230 ni ampea 3.3. Ukiweka fyuzi ya 3 umeipa kazi kubwa kuliko uwezo wake. Iwe ya 5, au hiyo 13 iliyokuja nayo. Halafu nikiona mtu kachomeka tosta, pasi na birika kwenye ekstensheni moja ya waya kama uzi wa kushonea, damu inachemka. Birika peke yake ni wati 2000! Hilo ndilo la kufungulia uzi, siyo kisu.

Kandambili:

Fundi, na hizi adapta za pini mbili kwenda tatu? Watu wanapachika penseli kwenye tundu la juu la soketi ili plagi ya pini mbili iingie.

Fundi Soketi:

Usinitaje penseli mkuu, nitashindwa kula. Pini ya tatu ni ya athi, njia ya kupeleka ardhini umeme uliovuja. Tosta ina mwili wa chuma karibu na mkono wako, hiyo athi ndiyo mlinzi wako. Muuzaji anayekwambia "kata hiyo pini, itaingia popote" anakuuzia jeneza. Badilisha plagi yote, waya wa kijani na njano uende kwenye pini ndefu, ubane skrubu vizuri.

Mkate Moto:

Wakuu tunatoka nje ya mada. Mada ni KISU.

Boflo la Jana:

Mada ya kweli ni wauzaji. Unaingia dukani unauliza tosta, anakupa boksi lenye picha ya sandwichi imenona kama ya harusini, anasema "hii ni tefloni orijino". Fungua boksi palepale. Pitisha kidole kwenye sahani: ukisikia chenga au ukaona mapovu kwenye rangi, rudisha. Funga mfuniko uangalie kama kingo zinakutana pande zote. Nyingine zimepinda, mbele zinabana nyuma zinaachia. Bawaba iwe inacheza juu chini kidogo, ili slesi nene isilazimishwe. Klipu ya kufungia ndiyo ya kwanza kuvunjika, ya plastiki nyembamba inaondoka na mkate wa kwanza mnene. Na soma kibandiko cha chini, wati zipo pale. Chini ya 600 itaukausha mkate kabla ya kuubadilisha rangi.

Na anayeweza kuongeza hela achukue yenye sahani zinazotoka. Zile unazivua, unaziosha sinkini, ugomvi wa Shangazi unaishia hapo. Ila kabla ya kuzirudisha zikauke kabisa, na zilie "tak" pande zote mbili.

Shangazi wa Mbagala:

Pembetatu au bapa? Maana wajukuu wanalilia pembetatu.

Boflo la Jana:

Shangazi, ya pembetatu inaziba kingo, kwa hiyo inafaa vitu vya majimaji: maharage ya nazi yaliyokauka rojo, nyama ya kusaga, yai. Ya bapa inabana tu, haizibi, hapo weka vitu vinavyokaa: jibini, kuku aliyechambuliwa, parachichi gumu. Bapa inakubali mkate wowote hata chapati. Pembetatu inataka slesi ya mraba inayofika kwenye kingo.

Tanga Mjini:

Mnagombania umeme wakati umeme wenyewe unakatika. Chukueni ya mkono: vibao viwili vya alumini vyenye mikono mirefu, unabana mkate katikati, unaweka kwenye gesi au jiko la mkaa. Moto mdogo, dakika 2 upande mmoja, geuza, 2 tena. Haina taa, haina fyuzi, haina fundi. Australia walikuwa nazo kabla ya hizi za kuchomeka, za duara, wanaziita jaffle. Ile ya umeme inayokata pembetatu na kuziba kingo ilitokea hukohuko, kampuni ya Breville, mwaka 1974.

Ila ya alumini tupu haisamehe. Usipopaka mafuta pande zote mbili mkate unabaki nayo. Mafuta ya kupikia kwa brashi, siyo yale ya kupuliza ya kopo. Yale yanaacha gundi ya kahawia ambayo haitoki, na kwenye tefloni ni hivyohivyo.

Mkate Moto:

Asante Tanga. Na mtu akitoa mkate kwenye hiyo ya mkono kwa KISU, mtamwacha?

Tanga Mjini:

Alumini tupu? Mwache, haina utando wa kuharibika.

Kandambili:

Nyie wote hamjagusa uhalifu wenyewe: NYANYA. Watu wanatia nyanya mbichi na mbegu zake, maji yake yanachemka ndani, slesi inakuwa sponji, na ukiuma inakumwagia lava kidevuni. Toa mbegu, kata nyembamba, weka kwenye kitambaa dakika 5, na iwe katikati ya jibini na jibini, isiguse mkate. Chumvi nyunyiza wakati wa kula, ukiitia mapema inavuta maji yote nje. Na kitunguu kibichi hakiivi kwa dakika 4, kikaangwe kwanza.

Shangazi wa Mbagala:

Mayai mabichi je? Naona wanapasua yai humohumo.

Boflo la Jana:

Inawezekana, yai dogo. Weka slesi ya chini, ibonyeze kwa mgongo wa kijiko ifuate shimo la sahani, vunjia yai kwenye kikombe kwanza ulikoroge na chumvi, gawa kwenye mashimo mawili, funika haraka. Dakika 5, siyo 4. Slesi isiyo na tundu! Mkate wetu huu wenye matundu kama chujio utavuja.

Fundi Soketi:

Hapo kwenye mkate umegusa kidonda. Slesi za siku hizi mmeziangalia? Upande mmoja milimita 8, upande wa pili 15. Mfuniko unabana huku, kule hewa. Na sukari waliyotia! Dakika 2 nje ni kahawia ya kuungua, ndani jibini bado limelala.

Kandambili:

Na ncha mbili za mfuko, zile slesi za ganda, hazitoshi hata kufunika kiganja. Unanunua mkate mzima unapata sandwichi sita.

Shangazi wa Mbagala:

Sita? Umebahatika. Zile za katikati zimebondwa na kreti dukani.

Tanga Mjini:

Mkate wenye sukari nyingi, chomoa plagi taa ya kijani ikiwaka, ndipo uweke. Joto lililobaki linapika taratibu dakika 3, kisha chomeka dakika 1 ya mwisho. Au achaneni na slesi za mfuko, nunueni mkate mzima wa mraba, muukate wenyewe nyumbani, slesi za milimita 12.

Shangazi wa Mbagala:

Huo mkate mzima ukiukata unabomoka wote, mwanangu. Unakatwaje?

Tanga Mjini:

Wa jana, shangazi, siyo wa leo. Ulaze ubavu, tumia kisu cha meno, usikandamize, vuta na kurudisha kama msumeno.